Ishirini Hamsini

Kaka Shilinde aliniachia Datsun ya milango miwili,
pua ndefu, rangi ya chungwa lililolala sokoni siku tatu,
na kodi ya stoo ya miezi minane, Nyakato.
Miaka mitano ilikaa juu ya matofali.
Popo walikijua kiti cha dereva kuliko mimi.

Ilipowaka tena, mimi, karani wa mizani kiwanda cha samaki,
ninayejua kilo za sangara kwa kumtazama,
nilitaka kuipa kitu kizuri.
Makoroboi, muuza vipuri akanishushia kopo la rangi ya fedha:
"Dada, hii ni ya maabara. Sifuri thelathini.
Nyepesi kama maji. Magari yote mapya yanakunywa hii."
Nikalipa bei ya mbuzi.
Nikaimimina yote, hadi alama ya juu ya kijiti,
nikajisikia nimemzika kaka upya, na safari hii kwa heshima.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Asubuhi ya tatu sakafu ilikuwa na ramani:
Ukerewe hapa, Kome pale,
Ghuba ya Speke ikiendelea kukua.
Kwenye mlima wa Bugando taa nyekundu ikanikonyeza,
valvu zikaanza, tiki, tiki, tiki,
kama mtu anayehesabu sarafu mfukoni
asitake uzione.

Fundi Mafuru wa Igogo hakunicheka.
Alichovya kidole, akasugua oili kwa dole gumba,
akanusa, akafuta mkono kwenye suruali.
"Umeiosha," alisema.
"Sili zake zilikauka zamani. Tope la oili likajaa kwenye ufa,
likakaa, likawa ndilo sili.
Wewe umeleta sabuni."

Nikamkumbuka Shilinde na uongo wake mdogo mdogo:
Mama, nimeshakula.
Mama, pamba imelipwa, hela inakuja Ijumaa.
Mimi ndiye niliyeusafisha, Krismasi moja, mezani,
kwa sauti ya mtu mwenye haki.
Tangu siku ile nyumba yetu ilivuja,
na hakuna aliyejua aweke beseni wapi.

Mafuru alikuwa bado anaongea.
Kwamba kamshafti ya zamani inasugua chuma kwa chuma,
inataka zinki, na oili za siku hizi zimepunguziwa zinki.
Kwamba injini iliyochakaa ina nafasi ndani yake,
na nafasi hiyo haijazwi na kitu chepesi.
Akachomoa daftari chini ya kiti, limeliwa na panya pembeni.
Mwandiko wa kaka, umelala kushoto kama mlevi:
*20-50. Ya kawaida, ile ya malori. Kila maili elfu mbili.
Usisikilize watu wa dukani.*

Tulizunguka maduka matatu.
La kwanza, kifuniko kilikuwa na alama ya bisibisi.
La pili, kila kitu sawa, lebo sawa, lakiri sawa;
nikalinyanyua kopo, mkono ukakataa.
"Pungufu," nikasema. "Gramu sitini."
Muuzaji akatazama dari.
La tatu, mama mmoja wa Mabatini, kopo lina vumbi,
halina mng'ao wala maneno mengi.
Nilipima. Mkono ukanyamaza.

Jumapili tukaimwaga ile ya bei ya mbuzi.
Nzito ikashuka taratibu, kama uji wa mtama,
ikisimama kidogo mdomoni mwa injini
kama mgeni anayevua viatu.
Mshale wa presha ukapanda, ukatulia katikati.
Tiki ikabaki moja, ya mbali. Mafuru akasema
hiyo ni umri, hiyo tuiache.

Mhoja, mtoto wa jirani, ndiye mkaguzi wangu.
Kila alfajiri analala kifudifudi mlangoni mwa stoo.
"Matone mawili, shangazi. Jana tisa."

Ile ramani bado ipo sakafuni.
Sabuni nimeirudisha jikoni.